Askari Asiyejulikana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Filamu ya Vita ya Ufini

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtazamaji wa Kiswahili anayekutana kwa mara ya kwanza na Tuntematon sotilas, yaani Askari Asiyejulikana, kisa cha vita kinachojulikana kuliko vyote nchini Ufini. Asiyetaka kujua mapema nani anakufa aliruke jibu la nne na la sita.

1. Filamu hii inahusu nini?

Inahusu kombania moja ya bunduki za rashasha ya jeshi la Ufini, tangu inapoondoka kambini mwezi Juni 1941 hadi silaha zinaponyamaza Septemba 1944. Hakuna shujaa mmoja anayebeba hadithi nzima. Kuna vijana kadhaa, wengi wao wakulima na vibarua, waliotoka pembe mbalimbali za nchi na kila mmoja akiwa na lafudhi ya kwao, ambao wanabeba mabegani bunduki za Maxim zenye uzito wa zaidi ya kilo 50 pamoja na miguu yake na kutembea nazo msituni kuelekea mashariki. Wanavuka mpaka wa Umoja wa Kisovieti, wanauona mji wa Petrozavodsk ukiwa umetekwa, wanakaa zaidi ya miaka miwili katika mahandaki ya eneo la mto Svir, kisha katika majira ya joto ya 1944 wanarudi njia ileile waliyokuja nayo, safari hii wakifukuzwa. Mtazamaji anayewahesabu watu wa platuni wakati wa kwenda na wakati wa kurudi ataielewa filamu bila kuambiwa jambo jingine.

2. Mbona zinatajwa filamu tatu zenye jina moja?

Kwa sababu ziko tatu, na zote zimetokana na riwaya ya Väinö Linna iliyochapishwa Desemba 1954. Ya kwanza iliongozwa na Edvin Laine mwaka 1955, ya pili na Rauni Mollberg mwaka 1985, na ya tatu na Aku Louhimies mwaka 2017, Ufini ilipotimiza miaka 100 ya uhuru. Si mwendelezo, kila moja inasimulia kisa kilekile upya, na kila kizazi cha Wafini kimekuwa na yake.

Ya Laine ni ya nyeusi na nyeupe. Jeshi halikutaka kushirikiana naye, hivyo akachanganya matukio ya waigizaji na picha halisi zilizopigwa vitani, na wakati mwingine jicho halitambui ni wapi uigizaji umekwisha na vita vyenyewe vimeanza. Ilitazamwa kwenye majumba ya sinema na watu wapatao milioni 2.8 katika nchi iliyokuwa na wakazi milioni 4 na kidogo. Mollberg aliwachukua vijana wasiojulikana, akaipa kamera mkono wa mtu anayekimbia, akaonyesha matope na hofu kwa ukaribu ambao uliwaudhi baadhi ya waliozoea filamu ya zamani. Louhimies alikuwa na bajeti ya takriban yuro milioni 7, fedha nyingi mno kwa filamu ya Kifini, na kwa mara ya kwanza aliupa nafasi ya kutosha upande wa nyumbani, yaani wake, watoto na mashamba ambayo askari waliyaacha.

3. Ni vita gani hasa? Je, ndivyo vile vya askari waliovaa mavazi meupe wakiteleza juu ya theluji?

Hapana, ingawa huwezi kuvielewa vita hivi bila vile. Novemba 30, 1939, Umoja wa Kisovieti uliishambulia Ufini, na mapigano yaliyoitwa Vita vya Majira ya Baridi yakaendelea kwa siku 105. Ufini haikutekwa, lakini amani ya Machi 1940 ilipokonya karibu sehemu ya kumi ya ardhi yake, pamoja na mji wa Viipuri na sehemu kubwa ya Karelia, na watu zaidi ya 400,000 wakahama makwao na kutafutiwa makazi ndani ya nchi iliyobaki. Zaidi ya Wafini 25,000 walikuwa wamekufa.

Vita vya kwenye filamu ni vya pili. Ujerumani ilipouvamia Umoja wa Kisovieti Juni 22, 1941, ndege za Kisovieti zikapiga miji ya Ufini siku chache baadaye, na bunge la Ufini likatangaza kwamba nchi iko vitani. Wafini wanaviita Vita vya Mwendelezo, jina lenye dai ndani yake: kwamba wanaendeleza tu vile vya kwanza ili warudishiwe kilicho chao. Dai hilo lilikuwa na nguvu hadi jeshi lilipoufikia mpaka wa zamani, ule wa kabla ya 1939, na kuuvuka. Kuanzia hapo hawakuwa tena wakirudisha ardhi yao, bali walikuwa wakiteka Karelia ya Mashariki, nchi ambayo haikuwahi kuwa sehemu ya dola ya Ufini. Kulikuwa na askari waliokataa kuuvuka mpaka huo. Ndani ya hadithi, Lahtinen, mfuasi wa siasa za mrengo wa kushoto, ndiye anayewauliza wenzake sasa wao ni watetezi au ni wavamizi, na wenzake wanamjibu kwa mzaha kwa kuwa hawana jibu jingine.

Vita hivi vya pili viliua Wafini wapatao 63,000. Mashambulizi makubwa ya Kisovieti yalianza Juni 9, 1944 kwenye Shingo ya Karelia, yaani ukanda wa ardhi kati ya Ghuba ya Ufini na ziwa Ladoga, na baada ya siku chache yakafika kwenye mto Svir, ambako kombania yetu ilikuwa imejizoesha kuishi. Mapigano yalisimamishwa mwanzoni mwa Septemba na mkataba ukatiwa saini Moscow tarehe 19 ya mwezi huo.

4. Ni wahusika gani niwatambue mapema? Majina yananichanganya.

Anza na Koskela. Ni luteni anayezungumza kidogo, mtoto wa mkulima mdogo, na askari wake wanamfuata bila kuamriwa. Linna baadaye alimwandikia ukoo mzima katika riwaya nyingine tatu zilizochapishwa kati ya 1959 na 1962: baba yake alipigana upande wa Wekundu, yaani wafuasi wa mrengo wa kushoto walioshindwa na wengi wao kufungwa, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1918, vita vilivyoua zaidi ya watu 36,000 na kuigawa Ufini kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo mtoto wa mfungwa wa jana ndiye ofisa bora wa leo. Msomaji Mfini analijua hilo. Mtazamaji wa mbali huwa halijui, na akilijua, ukimya wa Koskela unakuwa na uzito mwingine. Anakufa karibu na mwisho, akikilipua kifaru kwa mikono yake.

Rokka ni mkulima wa Karelia aliyekwisha kupigana katika Vita vya Majira ya Baridi. Ana mke, watoto na shamba ambalo lilichukuliwa mwaka 1940, likarudi mwaka 1941, na litachukuliwa tena mwaka 1944. Ni hodari kupita kiasi. Tukio lake akiwa peke yake ubavuni mwa adui, juu ya theluji, na bunduki yake ya Suomi, rashasha ndogo ya mkononi, ikichoma mikono kwa joto, ndilo linalokumbukwa na watu wengi. Lakini hadithi haimsifu kwa kuua. Inamweka mbele yetu kama mtu aliyepiga hesabu ya kile anachokitetea, na hesabu hiyo haina bendera wala hotuba ndani yake.

Hietanen ni mcheshi na ndiye mwenye moyo mweupe kuliko wote. Anakilipua kifaru kwa bomu la kutegwa ardhini katika siku za mwanzo, kisha anakaa chini akitetemeka. Mwaka 1944 anapofuka macho, na anafia ndani ya gari la wagonjwa lililoshambuliwa. Lehto ni mkatili na mpweke. Akijeruhiwa vibaya usiku katika doria, anajimaliza mwenyewe. Riitaoja ni yule mwoga anayeonewa na Lehto, na ninamwomba mtazamaji asimdharau, kwa maana vita vya kweli vilikuwa na akina Riitaoja wengi kuliko akina Rokka. Kariluoto anaanza akiwa ofisa kijana aliyejaa maneno makubwa ya uzalendo, na kadiri maneno hayo yanavyomtoka ndivyo anavyogeuka kuwa ofisa wa kweli. Anauawa katika majira ya joto ya mwisho. Lammio ni ofisa wa kanuni, nguo zikiwa zimepigwa pasi hata handakini. Rahikainen hupata biashara popote, na Vanhala hucheka kila kitu, pamoja na propaganda za pande zote mbili.

5. Je, ni kisa cha kweli?

Wahusika ni wa kubuni, lakini njia waliyopita ni ya kweli. Linna alizaliwa Urjala mwaka 1920, akafanya kazi katika kiwanda cha nguo cha Finlayson mjini Tampere, na akapigana katika Kikosi cha 8 cha Askari wa Miguu, kilichopita Karelia ya Mashariki na kukaa Svir kama kombania ya filamu. Aliiandika riwaya akiwa bado mfanyakazi wa kiwandani. Rokka ana mfano wake halisi, Viljam Pylkäs, aliyetumikia pamoja na Linna na ambaye baadaye alijulikana nchi nzima kwa sababu hiyo.

Kuna jambo moja linalostahili kuongezwa. Mchapishaji aliondoa sehemu kadhaa za mswada wa 1954, hasa zile zilizowasema vikali maofisa na wakubwa wa nchi, na mswada kamili ulichapishwa mwaka 2000 tu, baada ya Linna kufariki mwaka 1992.

6. Kwa nini askari hawa wanawabishia maofisa namna ile, na bado wanapigana?

Hili ndilo swali ambalo filamu zote tatu zimejengwa juu yake. Mtazamaji aliyelelewa na filamu za vita za Marekani huona ukaidi kama hatua ya kwanza ya uasi, au kama kasoro ambayo sajini mkali ataiondoa. Hapa hakuna lolote kati ya hayo. Askari wananung'unika kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Wananung'unikia chakula, amri, hotuba na miguu yao, na manung'uniko hayo ndiyo yanayowawezesha kuendelea.

Tazama tukio la mawe. Mstari wa mbele umetulia, na ofisa anaamuru njia zinazopita katikati ya mahema na mahandaki zipambwe kwa mawe yaliyopangwa pembeni. Rokka anakataa. Hapigi kelele wala hajifichi. Anamwambia Lammio usoni kwamba amekuja kupigana ili mke na watoto wake waishi, na kwamba kupanga mawe hakuna mahali katika mapatano hayo. Anatishiwa mahakama ya kijeshi, naye anajibu kama mtu mzima anayezungumza na kijana asiyejua kazi. Kisha usiku mmoja, akiwa zamu, anamteka kapteni wa Kisovieti kwa mikono yake na kumleta akiwa hai. Wakubwa wanajikuta na mtu ambaye hawawezi kumwadhibu na hawawezi kumkosa.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo Linna alipolisema jambo lake waziwazi kuliko mahali pengine popote: utii unaodaiwa kwa cheo peke yake si kitu, na utii anaopewa Koskela ni kitu kingine kabisa, kwa sababu Koskela haombi jambo ambalo yeye mwenyewe hatalifanya. Siku ya kuzaliwa ya Mannerheim, Juni 4, 1942, jemadari mkuu alipotimiza miaka 75, Koskela anakwenda kunywa pamoja na watu wake pombe waliyoipika kwa siri, analewa, anaimba. Kesho yake heshima yake haijapungua hata kidogo. Lammio hajawahi kulewa mbele ya askari, na hakuna anayemheshimu.

Upande wa pili wa jambo hili ni wa kutisha, na mwandishi hakuuficha. Askari wawili wanapigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa kukataa kurudi kwenye zamu yao. Katika riwaya, wakati wa kurudi nyuma, ofisa aitwaye Karjula anamuua papo hapo askari asiyetii. Hukumu za kifo kwa watoro zilitolewa na kutekelezwa kweli katika jeshi la Ufini, hasa majira ya joto ya 1944 mstari ulipovunjika. Rokka alikataa mawe akaachwa. Wengine walikataa jambo jingine wakauawa. Tofauti yao ilikuwa kwamba yeye alihitajika.

7. Ufini ilipigana upande mmoja na Ujerumani ya Hitler. Je, filamu inalikwepa hilo?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na mtazamaji ana haki ya kulisema. Serikali ya Helsinki ilishikilia kwamba inapigana vita vyake yenyewe, bila mkataba wa muungano. Lakini majeshi ya Kijerumani yalikuwa kaskazini mwa nchi, silaha na nafaka zilitoka Ujerumani, na Juni 1944 Rais Risto Ryti aliahidi kwa maandishi kutotafuta amani peke yake ili apate msaada zaidi. Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ufini Desemba 6, 1941, ambayo ni sikukuu ya uhuru ya Wafini. Makoloni yake yalifuata hali hiyohiyo, hivyo Tanganyika, Kenya na Uganda nazo, kwa kipimo cha sheria za wakati ule, zilikuwa vitani na nchi ambayo wakazi wake wengi hawakuwa wameisikia.

Jambo zito zaidi ni Petrozavodsk. Katika filamu, mji huo uliotekwa Oktoba 1, 1941 ni mahali pa mapumziko, ulevi na mazungumzo ya Hietanen na mwanamke Mrusi anayemvutia. Katika historia, utawala wa kijeshi wa Ufini uliwaweka raia wa Kirusi wa eneo hilo kambini, na zaidi ya 4,000 walikufa, wengi kwa njaa na maradhi katika mwaka 1942. Kati ya wafungwa wa kivita wa Kisovieti wapatao 64,000 walioshikwa na Wafini, karibu theluthi moja hawakurudi wakiwa hai. Kamera inabaki na kombania, na kombania haikuziona kambi hizo au haikuzitazama. Uamuzi huo unaeleweka katika hadithi inayomfuata askari wa chini, ila haumwondolei mtazamaji wajibu wa kujua kilichokuwa nje ya picha.

8. Adui anaonyeshwaje?

Kwa mbali mara nyingi, na kwa heshima anapokaribia. Kapteni aliyetekwa na Rokka hadhalilishwi. Askari wanawacheka Wasovieti kama wanavyowacheka wakubwa wao, na chuki ya kitaifa iko zaidi midomoni mwa maofisa wachache kuliko handakini.

9. Wanawake wako wapi?

Katika filamu mbili za kwanza ni wachache sana. Riwaya ililaumiwa mapema kwa jinsi ilivyowachora wanawake wa Lotta Svärd, chama cha kujitolea kilichohudumia jikoni, hospitali na vituo vya kutazama ndege, ambacho kilikuwa na wanachama zaidi ya 200,000 kabla ya kuvunjwa mwaka 1944. Lawama hiyo ilikuwa na haki. Louhimies alijaribu kuirekebisha kwa kumpa nafasi mke wa Rokka, aliyeigizwa na Paula Vesala, na kutuonyesha shamba linalolimwa na mikono iliyobaki nyumbani. Picha za familia hiyo wakilipata na kulipoteza shamba ndizo, kwangu, sababu kubwa ya kuitazama filamu ya 2017 hata kwa mtu aliyeziona zile za zamani.

10. Je, milipuko ya filamu ya 2017 ni ya kompyuta?

Mingi ni ya kweli. Filamu iliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kulipua baruti nyingi kuliko zote katika picha moja isiyokatwa, nguvu yake ikilingana na zaidi ya kilo 70 za TNT. Safari hii jeshi la Ufini lilisaidia.

11. Kwa nini huonyeshwa kila mwaka Desemba 6?

Shirika la utangazaji la Yle huirusha filamu ya Laine siku ya uhuru, na familia nyingi huitazama kabla ya sherehe ya ikulu kuanza. Inashangaza kidogo ukikumbuka ilivyoanza: mwaka 1954 mhakiki wa gazeti kubwa la Helsinki aliishambulia riwaya kama vita vilivyosimuliwa na mnung'unikaji, na wapo waliosema inalitukana jeshi. Waliorudi kutoka mstari wa mbele waliamua vingine. Walijitambua humo, wakaenda sinema kwa maelfu, na ndani ya miaka michache kitabu cha mfanyakazi wa kiwanda kikawa kumbukumbu ya taifa. Mwaka 1993 sura ya Linna iliwekwa kwenye noti ya markka 20.

12. Nianze na ipi?

Anza na ya 2017 ikiwa hujazoea sinema za zamani. Picha zake ziko wazi, na Eero Aho anamwigiza Rokka kwa namna isiyosahaulika. Lakini chagua toleo kamili la saa tatu. Toleo lililofupishwa kwa ajili ya nchi za nje limepunguza hasa zile saa za utulivu wa Svir, yaani mawe, ulevi na kazi za mikono, na ukiziondoa hizo kinachobaki ni mapigano. Lipo pia toleo la sehemu tano lililotengenezwa kwa ajili ya televisheni, zuri kwa anayetaka kuwafahamu wahusika polepole. Baada ya hapo tazama ya Laine, na mwisho ya Mollberg, ambayo ni ngumu kuliko zote na inahitaji mtu aliyekwisha kuwajua watu hawa kwa majina.